Nunua Kidogo, Sia Kidogo

Mteja anayenipa kazi si yule anayelilia punguzo. Ni yule anayeingia dukani mwezi wa tano, masika yakianza kukatika, akasema: "Shikamoo mama. Nimepata kaeneo nyuma ya nyumba, nifungie mbegu za kila kitu." Ningeweza kumfungia, na pesa ningeipata siku hiyo hiyo. Lakini mwezi ukiisha angerudi na lawama: mbegu hazikuota, au zimeota zote kwa mpigo na hajui azifanyeje. Kwa hiyo naitikia marahaba, namsogezea kiti, na kabla sijagusa rafu namuuliza maswali matatu. Kwenu mnakula mboga gani? Maji mnapata siku ngapi kwa wiki? Na hapo nyuma ya nyumba jua linafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi?

Nauza pembejeo hapa Morogoro mjini, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na nilichojifunza nyuma ya kaunta ni kwamba bustani nyingi za nyumbani hufia dukani, kabla jembe halijagusa udongo. Mtu hununua mbegu nyingi mno, za mimea isiyopatana na joto la kwake, kisha anazimwaga zote siku moja. Bustani ya nyumbani inataka mbegu chache, zinazosiwa mara nyingi.

Kwanza jikoni, kisha bomba, kisha jua

Kila msimu nauza brokoli kwa watu ambao hawajawahi kuipika. Picha ni nzuri, basi. Kama kwenu mboga ya kila siku ni mchicha, sukuma wiki na nyanya chungu, hizo ndizo zipewe nafasi. Mboga mpya iwe moja tu kwa msimu, ya kujaribu.

Swali la maji lina sababu. Nyanya haivumilii kunywa leo na kukaa na kiu siku nne. Ukiimwagilia hivyo hupasuka, au huoza kitako: sehemu ya chini ya tunda inageuka nyeusi na kuzama ndani, na wengi hudhani ni mdudu. Penye maji ya mgao, tanguliza sukuma wiki, nyanya chungu na kunde, ambazo husamehe. Nyanya ziwe chache, kiasi cha kuzitosheleza kwa ndoo.

Jua nalo lina hesabu yake. Mmea unaozaa tunda, kama nyanya, hoho, bilinganya au bamia, unataka jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi. Mboga za majani zinaweza kuishi na kivuli cha nusu siku. Ukuta wa jirani ukikukinga jua kuanzia saa sita mchana, using'ang'anie hoho.

Joto la mahali ndilo linaloamua

Kule Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, karoti, kabichi na njegere zinajiona ziko nyumbani. Teremka hadi Kihonda au Mazimbu, panda kabichi ile ile mwezi wa Januari, utapata majani makubwa yasiyofunga. Mbegu haina kosa. Kabichi inataka ubaridi ili ifunge, na Januari yetu huku chini haina.

Kwa sisi wa bondeni, msimu mzuri wa mboga za ubaridi unaanza masika yakiisha na kwenda hadi Agosti. Huo ndio wakati wa kabichi, karoti, saladi, chainizi na vitunguu, na hata nyanya hustarehe zaidi, kwa sababu wakati wa mvua nyingi ugonjwa wa bakajani huzimaliza. Ukisia nyanya kitaluni mwezi Mei na kuhamisha miche Juni, unakula kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Joto likirudi, geukia wenyeji wa joto: bamia, mchicha, mlenda, kunde, nyanya chungu. Matembele usiniulizie mbegu. Omba marando kwa jirani, uyachomeke ardhini.

Aliye Lushoto au Njombe ageuze hesabu hii, kwani Juni na Julai baridi ya huko huidumaza nyanya. Wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ajue kuwa saladi itamsumbua tangu mwanzo: udongo ukizidi nyuzi joto 30 hivi, mbegu ya saladi hulala tu, haioti. Dawa yake ni kuilaza kwenye tishu mbichi ndani ya friji usiku mmoja au miwili, kisha kuisia jioni mahali penye kivuli.

Geuza pakiti

Picha ya mbele ni ya kuuzia. Habari iko nyuma: jina la aina, namba ya bechi, tarehe mbegu ilipopimwa au itakapoisha muda, na asilimia ya uotaji. Uotaji wa asilimia 85 maana yake ni kwamba katika mbegu 100 zilizopimwa, 85 ziliota zikitunzwa vizuri. Kwetu Tanzania kazi ya kuthibitisha ubora ni ya TOSCI, taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS, na pakiti za huko huwa na stika ya kukwangua ambayo namba yake unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili ujue kama mbegu ni halali. Mbegu zilizopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kijikaratasi kisicho na jina wala tarehe, ziache hapo zilipo, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Ukikuta mbegu zina rangi ya waridi, bluu au kijani kikali, hiyo ni dawa ya kuzikinga na ukungu na wadudu. Nawa mikono baada ya kuzishika, usimpe kuku zilizobaki, na usithubutu kuzila.

Halafu linakuja swali la chotara na mbegu ya kawaida. Chotara, zenye alama ya F1, huzaliwa kwa kuchanganya wazazi wawili waliochaguliwa. Mara nyingi huzaa sana, matunda hulingana, na nyingi zimetengenezwa zistahimili magonjwa fulani. Lakini mbegu utakazotoa kwenye tunda lake zitazaa watoto wasiofanana, mmoja huku mwingine kule, na bei yake si ya kuchezea. Mbegu ya kawaida ni nafuu, na kizazi kinachofuata hufanana na mama yake. Kwa nyanya za nyumbani huwa naanza na Tanya au Tengeru 97. Zote mbili zina ganda gumu na hukaa siku kadhaa kapuni bila kulainika. Tengeru 97 ilitokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, na sifa yake nyingine ni kustahimili minyoo fundo, wale wanaoacha mizizi na vinundu. Mwenye shamba la biashara anaweza kuwa na sababu ya kulipia chotara. Mwenye miche minane uani mara nyingi hana, isipokuwa mnyauko umeshamsumbua mahali hapo.

Hesabu ya gramu

Hapa ndipo wateja wangu hushtuka. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu kama 300. Kipakiti cha gramu 10 ni mbegu 3,000 hivi, na familia ya watu sita inahitaji miche minane hadi kumi. Mchicha ndio usiseme: gramu moja ina mbegu zaidi ya 1,000. Bamia ni kinyume chake, mbegu ni kubwa na gramu moja haifiki mbegu 20 au inazipita kidogo tu.

Chukua eneo la mita tatu kwa nne. Linatosha sukuma wiki 15, nyanya 8, nyanya chungu 3, hoho 4, kituta kimoja cha mchicha, mstari wa dhania, na njia ya kupita. Basi. Ukitaka hoho zaidi, toa kitu kingine. Kwa miche 8 ya nyanya, sia mbegu 20 na uchague iliyo bora. Pakiti inayobaki gawana na jirani au mwenzako wa kikoba. Wanunuzi wangu wajanja zaidi ni akina mama wanaochangia pakiti moja watu wanne.

Mchicha usiusie wote leo. Sia urefu wa mita moja, baada ya siku kumi hadi kumi na nne sia mita nyingine, na uendelee hivyo. Mchicha wa kung'oa huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo tuta la kwanza likiisha la pili linakuwa tayari. Aliyemwaga pakiti nzima siku moja hula mchicha mpaka watoto wagome, kisha anarudi sokoni kununua. Kwa kuwa mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize kwenye mstari; mchanga utakuonyesha ulikopita.

Zipime kabla hujazisia

Kama una pakiti ya mwaka jana, usiitupe na usiiamini. Hesabu mbegu 20. Lowesha tishu au kipande cha kitambaa cha pamba, kamua maji yasichuruzike, panga mbegu juu yake zisigusane, kunja, weka ndani ya kopo lenye mfuniko na uliweke mahali penye joto jikoni, si juu ya jiko. Fungua kila siku uangalie unyevu. Mchicha utaanza kutoa kimzizi cheupe ndani ya siku tatu hadi tano, sukuma wiki siku nne hadi sita, nyanya siku tano hadi nane. Hoho ina maringo: ipe hadi wiki mbili kabla ya kuihukumu.

Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota kati ya 10 na 15, sia mara mbili ya kiasi ulichokusudia. Zikipungua hapo, nunua nyingine, maana hata zile chache zitakazoota mara nyingi huwa dhaifu. Kitunguu ndicho cha kwanza kufa. Mbegu yake ikipita mwaka mmoja usiitegemee. Nyanya iliyohifadhiwa vizuri inaweza kuota hata baada ya miaka minne.

Zipi kitaluni, zipi moja kwa moja

Nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu, kabichi, chainizi, sukuma wiki na vitunguu huanzia kitaluni. Karoti, figili, bamia, kunde, mchicha na dhania husiwa pale pale zitakapokulia. Karoti hasa haitaki kuhamishwa: mzizi ukiguswa hujigawa, ukavuna kitu chenye miguu miwili. Karoti pia huchukua siku kumi hadi ishirini na moja kuota, na muda wote huo udongo wa juu usikauke. Funika mstari kwa gunia lenye unyevu na uliinue kila asubuhi kuchungulia. Ukiona nyuzi za kijani za kwanza, liondoe.

Sasa fungua kiganja nikumiminie mbegu za spinachi yetu ya sokoni, ile ya majani mapana na mishipa minene myeupe. Unaona si laini? Ni vifundo vya kahawia vyenye pembe pembe, vyepesi, vikavu. Kila kifundo ni tunda, na ndani yake mna mbegu mbili au tatu. Ndiyo sababu unafukia kimoja na inachomoza miche mitatu imekabana. Ikifikia majani mawili, bakiza ulio mnene na uikate mingine kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya unaobaki.

Dhania nayo ni hivyo hivyo. Kile kijipira chenye mistari ni nusu mbili zilizobanana, kila moja na mbegu yake. Kisugue taratibu kwa chupa juu ya meza mpaka kiachane, bila kukisaga, kisha loweka usiku mmoja. Tena nikuambie siri ya kuniharibia biashara: dhania nzima ya duka la viungo, ikiwa haijakaangwa na si ya zamani, huota vizuri tu. Ipime kwa ile njia ya tishu kwanza.

Kitalu cha mtu mwenye ndoo moja

Huhitaji trei ya kununua. Beseni lililochakaa, dumu lililokatwa ubavuni au boksi la mbao litafanya kazi, ili mradi lina matundu chini. Changanya udongo wa juu sehemu tatu, samadi au mboji iliyooza kabisa sehemu mbili, na mchanga sehemu moja. Samadi inayonuka bado ni mbichi na itaunguza miche. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, uache upoe na uchuje maji hadi kesho yake. Maji ya moto hupunguza ukungu na wadudu waliojificha.

Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 10. Kina kiwe mara mbili ya unene wa mbegu, kwa hiyo nyanya haizidi sentimita moja. Funika kwa udongo laini, kisha nyasi kavu, na unyunyize maji kwa kopo lenye matundu madogo. Asubuhi utakayoona shingo za miche zimeinuka, toa nyasi asubuhi hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, miche itarefuka kutafuta mwanga na haitanenepa tena. Badala ya nyasi weka kichanja cha makuti au kipande cha neti juu yake, ili upate kivuli chepesi na upepo upite. Neti hiyo pia itakusaidia na kuku wa jirani, ambao huwahi kitaluni kabla hujaamka.

Adui mkubwa wa wiki mbili za kwanza ni kinyaushi. Jioni miche imesimama, asubuhi baadhi imelala. Ukiinama utaona shina pale linapogusa udongo limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi. Wengi hudhani ni kiu na kuongeza maji, na hapo ndipo huimaliza iliyobaki, kwa sababu kinyaushi ni vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa. Toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, acha upepo upite, na punguza maji. Kinga yake ni kusia kwa nafasi na kumwagilia asubuhi, ili jioni udongo wa juu uwe mkavu.

Miche ya nyanya huhamishwa wiki tatu hadi nne baada ya kuota, ikiwa na majani manne hadi sita. Vitunguu vinataka subira ya wiki sita hadi nane. Wiki ya mwisho izoeshe shida: punguza maji, toa kivuli kidogo kidogo mpaka ipate jua la siku nzima. Siku ya kuhamisha ngoja jioni, lowesha kitalu kwanza, na uinue kila mche na udongo wake. Nyanya ifukie hadi karibu na majani ya chini, maana shina lililofukiwa hutoa mizizi zaidi. Kabichi usizamishe kiini chake. Penye sota, wale viwavi wanaokata shina usiku, zungushia kila mche kipande cha boksi chenye kimo cha vidole vitatu, sehemu yake ikizama ardhini.

Zilizobaki na zijazo

Joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu. Wataalamu wana kanuni ya makadirio kwamba kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka karibu maradufu. Basi pakiti usiiweke stoo chini ya bati. Ikunje, itie kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko unaobana, weka ndani kitambaa chenye mchele uliokaangwa ukapoa ili unyonye unyevu, na uhifadhi kwenye friji au sehemu ya nyumba iliyo baridi kuliko zote. Andika tarehe.

Za kawaida unaweza kujitolea mwenyewe. Shina moja la mchicha ukiliacha litoe mashuke litakupa mbegu za misimu mingi. Nyanya iliyoiva sana, kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe chenye maji kidogo, acha siku mbili hadi tatu ichachuke, osha, kausha kivulini. Maboga usiyaamini ikiwa jirani naye ana ya aina nyingine, nyuki watayachanganya. Kabichi na karoti utaendelea kuja kununua, kwani ili zitoe maua zinataka kupitia baridi ya muda mrefu ambayo bonde letu halina.

Wiki hii, basi, pima mbegu ulizonazo. Wiki ijayo andaa kitalu, usie nyanya na sukuma wiki, na mita ya kwanza ya mchicha. Agosti, kwenye maonesho ya Nane Nane, nenda kwenye vipando ukaone mimea yenyewe ikiwa imesimama. Uliza inachukua siku ngapi, inataka maji kiasi gani, na kama ni chotara au ya kawaida. Andika majina mawili tu. Hayo ndiyo utakayonunua kwa msimu wa joto, na ukija dukani nitakupimia kiasi chako.